Njia nne Mbeya: lami tunaiona, pembeni nani kachora?

Kokoto Laini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na baridi hii najua wengi mmeshajifunika. Naomba tujadili kitu ambacho kwenye maneno yote ya huu upanuzi wa TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 za njia nne, sioni mtu anakigusa. Kila kijiwe ni lami, foleni ya Mafiati, malori, fidia, nani kawekewa X ya kijani na nani ya nyekundu. Sawa, hayo ni ya msingi. Ila mi nauliza kile kipande kinachobaki kati ya ukingo wa lami na mlango wa duka lako, kile nacho kina mchoro au ndo mpaka mwisho tutaletewa mitende na taa?

Fanyeni hesabu kidogo tu. Hifadhi ya barabara kuu kwa sheria ya mwaka 2007 ni mita 60, yani 30 kila upande kutoka katikati. Njia nne za mita tatu na nusu ni mita 14. Weka kisiwa cha kati, weka mabega, hujafika hata mita 30. Nyingine yote iliyobaki ni pembeni. Najua mjini kati haiwezi kupatikana yote, nyumba zimebanana, lakini tuseme umepata mita 15 tu ukijumlisha pande zote mbili, kwa kilomita 29 hizo ni zaidi ya hekta 43. Ekari mia na kitu wakuu! Mbeya hatuna bustani ya umma ya ukubwa huo afu hii tutaichimbia mtaro tuiache.

Kazi yangu ni kuchora, nimekaa ofisi za wahandisi muda mrefu, na utaratibu ninaoujua ni kwamba lami inachorwa miezi na miezi, pembeni panachorwa wiki ya mwisho na kijana wa fildi. Sisemi mradi huu umefanywa hivyo, nasema tuulize mapema. Karibuni.

---

Mtoto wa Kabwe

Mkuu umeleta mada nzuri ila watu watakuambia tupe lami kwanza maua baadae. Na mimi ni mmoja wao 😂 Lori likikatikia breki pale Iwambi maua yatasaidia nini?

---

Kokoto Laini

Mtoto wa Kabwe hapo ndo watu wanapopotea, mandhari ya barabara sio maua. Ngoja nianze na maji ndo utanielewa.

Angalia mji ulivyokaa. Loleza iko juu huko mita 2,656, mji uko kwenye mita 1,700 hivi, mteremko wote unashuka kusini. TANZAM yenyewe inapita mashariki kwenda magharibi, yani inakata mteremko kwa upana. Kwahiyo kila tone linaloanguka mlimani, likapita Isanga, Ghana, Uhindini, mabati yote na vibarabara vyote vya zege, linakuja kugonga barabara kuu. Barabara inageuka ukuta wa bwawa. Usipoweka makalavati (yale matundu ya kupitisha maji chini ya barabara) ya kutosha na sehemu sahihi maji yanatafuta njia yake, na njia yake ni sebuleni kwa mtu wa chini ya barabara.

Sasa ongeza lami yenyewe. Chukua kilomita moja tu yenye upana wa mita 20 wa lami na zege, mvua ya milimita 40 ndani ya saa moja, ambayo kwetu masika sio kitu cha ajabu. Hiyo ni lita laki nane. Boza la lita elfu kumi ni maboza 80, kwa saa moja, kutoka kilomita moja, na hapo maji ya mlimani sijayahesabu.

Mazoea yetu ni mtaro wa zege wa mstatili, kuta zimesimama wima, wenye kina cha kummeza mtoto, unayakimbiza maji mpaka mwisho wa mradi afu unayamwaga kwenye kijito chochote. Kijito kinakula kingo, mwaka wa tatu kalavati linaning'inia. Njia nyingine ambayo wenzetu wanaitumia ni kuacha ukanda wa chini kidogo kati ya lami na njia ya miguu, una nyasi na mawe, una vizuizi vidogo kila baada ya mita kadhaa kwasababu ya mteremko, maji yanaingia humo kwanza yanapunguza mbio, mengine yanazama ardhini, yanayozidi ndo yanaingia mtaroni. Mti unapandwa humohumo. Kwahiyo mti unakunywa maji ambayo vinginevyo ungeyalipia boza kiangazi. Hiyo ndo mandhari ninayoisema mimi, uhandisi uliovaa majani.

---

Msafwa wa Loleza

Naongezea kwa Kokoto Laini. Zile kuta za udongo zinazobaki mlima ukikatwa, zikiachwa wazi mvua ya kwanza ya Novemba udongo wote uko barabarani. Sisi huku juu tunajua. Majani ya vetiva yanashika, mizizi yake inashuka chini mita tatu hivi. Na pale panapotaka ukuta, kuna yale makreti ya waya yanayojazwa mawe, gabioni, maji yanapenya nyuma yake hayaleti presha kama ukuta wa zege usio na matundu. Mawe tunayo mpaka ya kugawa.

---

Bajaji ya Soweto

Mnaongea vizuri ila swali langu ni dogo. Mimi naegesha wapi? Kila mchoro mzuri wa barabara nauona una miti, una baiskeli, una mzungu anatembea na mbwa. Bajaji haimo. Bodaboda haimo. Mama wa parachichi hayumo. Afu barabara ikifunguliwa sisi ndo tunaambiwa tumevamia.

---

Kokoto Laini

Mkuu Bajaji hiyo ndo pointi kubwa kuliko ya kwangu na sitanii.

Mchoro usipomchora mtu, mtu hapotei, anakuja kukaa kwenye nafasi ya mwingine. Kituo cha daladala kikichorwa ni kijisehemu cha lami cha magari mawili bila nafasi ya bajaji, bajaji zitakaa mbele ya kituo, daladala itashusha njiani, abiria atashukia kwenye njia ya miguu ambayo mama ameshaipanga viazi, atashuka mtaroni au atatembea kwenye lami. Hapo kila mtu analaumiwa kasoro aliyechora.

Mimi ningechora hivi pale Mwanjelwa au Kabwe. Kutoka lami: ghuba ya daladala yenye urefu wa magari manne hivi, sio mawili. Mwisho wake, baada ya kituo sio kabla, egesho la bajaji na boda. Nyuma ya kibanda cha abiria ndo njia ya miguu inapita, nyuma sio mbele, ili anayepita asigongane na anayesubiri. Halafu upande wa pili wa njia ya miguu, ukanda wa mita mbili uliosakafiwa na tofali za pevingi, una bomba la maji na sehemu ya taka, huo ni wa kufanyia biashara na unaandikwa hivyohivyo kwenye ramani. Mama wa parachichi anafuata watu, na watu wako kituoni, ukimpeleka jengo la ghorofa kilomita mbili huko atarudi wiki ijayo na ana haki.

---

Ipogolo Juu

Kamwene wakuu. Sisi wa Iringa mnatusahau, mnafikiri nyanda za juu ni Mbeya tu 😄

Hapa kwetu TANZAM inapita bondeni Ipogolo, mji uko juu ya mlima, na ile barabara ya kupanda kutoka Ipogolo mpaka mjini mimi naamini ndo mlango mzuri kuliko wa mkoa wowote Tanzania. Upande mmoja majabali, upande mwingine bonde la Ruaha Mdogo liko wazi chini yako. Ingekuwa nchi za watu pale pangekuwa na sehemu ya kusimama gari nje ya njia, ukuta mfupi wa mawe wa kukalia, mtu anashuka anapiga picha ananunua mahindi ya kuchoma anaendelea. Watalii wa Ruaha wanapita hapahapa. Ila unakuta bango la mtandao wa simu limekaa mbele ya bonde.

Nikifikiria jambo moja tu kwa Iringa ni mabango. Hata usijenge kitu, yatoe tu mabango.

---

Mtoto wa Kabwe

Mabango yanaleta hela kwa wenye mji, hayatoki hayo.

---

Ipogolo Juu

Basi yasogezwe. Yakae upande wa jabali, bonde libaki.

---

Dada wa Sae

Habarini. Mimi mdogo wangu anatumia kiti cha magurudumu, nataka niwaulize wachoraji. Kwanini njia za miguu za hapa zinapanda na kushuka kila geti la mtu? Mwenye geti anataka gari lake liingie kwa ulaini basi njia ya watembea kwa miguu inakatwa, kiti kinateremka, kinapanda, kinateremka, na kwa jiji lenye vilima kama hili tayari mikono imechoka. Na zile kingo zinaposhushwa kwa ajili ya kiti zinashushwa kama ukuta, nikimsukuma naogopa kumwaga mtu.

---

Kokoto Laini

Dada yangu pole sana, na hili lina jibu la namba kabisa. Mteremko wa kiti cha magurudumu unaokubalika sehemu nyingi ni moja kwa kumi na mbili. Yani ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8. Watu wanaweka sentimita 60 wanasema tumeweka. Hapo umeweka mtego.

Kuhusu mageti, kanuni ni kwamba njia ya miguu isawazike moja kwa moja, gari ndo lipande na lishuke. Dereva ana injini. Mteremko wa geti unatakiwa uishie kwenye ule ukanda wa miti kabla hujaifikia njia ya miguu, ndo faida nyingine ya kuwa na ukanda kati ya lami na wapita njia. Vivyo hivyo kwenye vijibarabara vinavyoingia TANZAM, zebra iinuliwe ilingane na njia ya miguu, gari linapunguza lenyewe kwasababu ni tuta, na anayetembea hashuki popote.

Na kuna zile tailsi za vidutu za wasioona, zilibuniwa Japani na Seiichi Miyake mwaka 1965, za kwanza zikawekwa Okayama mwaka 1967. Kwetu zikiwekwa zinawekwa kama urembo, unakuta zinamwongoza kipofu mpaka kwenye nguzo ya taa. Aliyezipanga alikuwa anafuata rangi.

---

Jembe na Rula

Samahani nikate, mimi mhandisi, sio mchoraji wa mandhari. Kokoto Laini unaongea vizuri lakini umeruka mambo mawili. La kwanza miti na mwendo haviendi. Barabara ya kilomita 80 kwa saa ukipanda mti mnene mita mbili kutoka lami umeweka nguzo ya kuua. La pili kila kitu unachokisema kina gharama ya matunzo na bajeti ya matunzo inaenda kwenye viraka. Ukanda wa nyasi usiosafishwa miaka miwili unakuwa jalala lenye mbu. Mtaro wa zege ni mbaya sawa lakini unasafishika kwa koleo.

---

Kokoto Laini

Jembe na Rula heshima yako mkuu, la kwanza nakubaliana kwa sehemu za nje, huko kuelekea Ifisi magari yanakotembea, acha pembeni pawe wazi weka vichaka laini tu. Ila kuanzia Uyole mpaka Iyunga huo ni mji. Mwendo wa kisheria maeneo ya makazi ni 50, na Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Tatizo letu tunajenga barabara pana nyeupe isiyo na kitu pembeni halafu tunapanda kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi. Dereva anaiamini barabara kuliko kibao. Miti iliyopangwa karibu, kisiwa cha kati, zebra iliyoinuliwa, taa za usawa wa chini, hivyo ndo vinamwambia umeingia mji. Kwahiyo mti hapo unafanya kazi ya usalama.

Na kisiwa cha kati, wapandaji wapende wasipende, vichaka virefu vizuri vinakata mwanga wa taa za lori usiku, lakini ukikaribia zebra shusha mpaka chini ya goti. Mtoto wa darasa la pili akitokea kati ya maua dereva hamuoni kabisa.

La pili la matunzo sina ubishi sana. Naongezea tu kwamba mtaro wetu wa zege nao haujasafishwa, pita Sokomatola uone chupa.

---

Jembe na Rula

Hapo umenipata kidogo 😂 lakini msimamo wangu wa matunzo uko palepale. Nioneshe nani atalipwa kukata nyasi mwezi wa pili mvua ikiwa inanyesha kila siku, ndo nitasaini mchoro.

---

Bwana Miche

Mi nina kitalu, nimevumilia mpaka hapa. Naomba mnisikilize kuhusu miti maana kila mradi ukija wanakuja na orodha imetoka Dar.

Mwarobaini hapa hapana, baridi inaudumaza, ni mti wa joto. Mitende vilevile, ule wa hela nyingi unaokuja na lori, mwezi wa saba kule Uyole barafu ya asubuhi inaukausha majani, na hata ukipona hauna kivuli, unasimama tu kama askari wa gwaride. Mlingoti usipande karibu na lami wala nyumba, unatupa matawi na unanyonya maji. Fikasi usipande kabisa kwenye pevingi, baada ya miaka utaona tofali zote zimeinuka.

Jakaranda ndo mti uliozoea huku, imetoka Amerika ya Kusini lakini mitaa ya zamani Mbeya na Iringa inaijua kuliko sisi, inapukutisha kiangazi halafu inachanua zambarau kabla mvua hazijashika. Watu hawaielewi faida yake, Mbeya kuna miezi mtu anatafuta jua sio kivuli, mti unaopukutisha unakuachia jua. Mgrivea unasimama vizuri, hauna mizizi ya fujo. Ukitaka wa kwetu wa Afrika, kifabakazi maua yake mekundu, ila upe nafasi na usipande juu ya vichwa vya watu, matawi yake ni dhaifu. Mpodo unachelewa lakini mwenye subira atashukuru.

Na shimo wakuu, SHIMO. Wanachimba shimo la ndoo kwenye kifusi kilichoshindiliwa na rola, wanatupia mche, wanapiga picha na kiongozi. Udongo ule ni mgumu kama zege mizizi itaenda wapi. Chimba mita moja na nusu kila upande, toa kifusi chote, weka udongo wa msitu na samadi. Panda mwezi wa kumi na mbili mvua zimeshika, sio mwezi wa sita kwenye maadhimisho, kwasababu kuanzia hapo mpaka Novemba hakuna tone.

---

Msafwa wa Loleza

Bwana Miche ndaga fijo, asante sana. Hiyo ya kupanda mwezi wa sita imeua miche mingi sana nchi hii.

---

Dodoma Kwa Sasa

Mimi mtu wa Mbeya niko huku Dodoma. Naona hakuna mtu aliyetaja Kigali, wenzetu wana milima kuliko sisi na kisiwa cha kati kina nyasi zimenyolewa. Na Seoul walibomoa barabara ya juu kabisa mwaka 2003, chini yake kulikuwa na mto umefunikwa, wakaufungua 2005, sasa ni Cheonggyecheon watu wanatembea pembeni ya maji katikati ya jiji. Sisi vijito tunavyo bure na tunavifunika na zege.

---

Bajaji ya Soweto

Seoul tena. Mi nilijua tu tutafika huko.

---

Kokoto Laini

Tumwache Seoul lakini hoja ya vijito naichukua. Kila pale TANZAM inapovuka kijito mjini, kalavati likiwa pana kidogo na lina kibaraza cha kukanyaga upande mmoja juu ya usawa wa maji, mtu wa upande wa Loleza anapita chini ya barabara kwenda upande wa pili bila kuvuka njia nne, kiangazi chote. Lile daraja la juu la ngazi watu hawapandi, mama mwenye ndoo kichwani hawezi kupanda ngazi za ghorofa mbili wakati lami iko palepale. Kupita chini kwa mteremko wa asili wanaweza, mradi kuwe na taa na kuonekane upande wa pili, pakiwa giza patakuwa pa wahuni. Gharama yake ni kuongeza upana wa kalavati wakati bado linajengwa. Likishajengwa basi, hiyo nafasi imekwenda kwa miaka hamsini.

Ndo maana nimeleta uzi huu sasa. Mche unaweza kuupanda hata baada ya miaka mitano, geti unaweza kulirekebisha, lakini usawa wa kalavati, upana wa ukanda na mahali maji yanapoingilia vikishamwagwa zege havirudi.

Jembe na Rula kuhusu nani akate nyasi, wazo langu ni wenye biashara wa ukanda ule niliousema kwa Bajaji. Apewe kipande chake kwa maandishi, mita sita, ushuru upungue, masharti ni mti mmoja na usafi wa mbele yake. Mama ambaye anajua hafukuzwi kesho atamwagilia huo mti maana ndo kivuli cha wateja wake.

---

Jembe na Rula

Hiyo ya maandishi ndo ngumu. Hifadhi ya barabara kisheria huwezi kumpa mtu haki humo kirahisi, na barabara kuu iko kwa TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu, wakati ushuru unakusanywa na halmashauri. Hao wawili lazima wakae meza moja, na isiwe siku ya uzinduzi. Ila kama kibali cha muda kinachohuishwa kila mwaka, inafikirika.

---

Mama Viazi Uyole

Wanangu nimesoma yote. Hicho kibali cha mwaka nakitaka hata leo. Ila mti mnipandie wa parachichi sio hayo maua yenu, kivuli kipo na nauza.

---

Bwana Miche

Mama shikamoo. Parachichi barabarani hapana mama yangu. Tunda linaanguka kwenye kioo cha daladala, lililoiva linateleza, na watoto watarusha mawe wachume kabla halijakomaa, jiwe likikosa tunda linapata mtu. Mti wenyewe mizizi yake haipendi maji kusimama na ukanda ule ndo maji yanapoingia.

---

Mama Viazi Uyole

Marahaba. Basi niwekeeni hiyo jakaranda, parachichi nitapanda uani. Na bomba la maji msisahau, Kokoto umelisema mwenyewe hapo juu.